Mtoto wa wiki moja na maradhi asiyoyajua: jibu kwa mwalimu wa Newala

Swali: Mimi ni mwalimu wa biolojia katika sekondari moja wilayani Newala, mkoani Mtwara. Nilipokuwa nafundisha kinga ya mwili niliandika ubaoni kama kitabu kinavyosema: kinga ya kuzaliwa nayo haina kumbukumbu, yenye kumbukumbu ni kinga ya kujipatia. Mwanafunzi mmoja akanyoosha mkono. Dada yake alijifungua mwaka huu, na muuguzi alimwambia kuwa chanjo ya BCG humsaidia mtoto mchanga hata kwa maradhi mengine, si kifua kikuu peke yake. Akauliza: seli za mtoto wa wiki moja hazijawahi kukutana na maradhi hayo, sasa zinajiandaaje? Nilimwahidi jibu. Nimesoma nikakuta habari za makrofaji, zile seli zinazomeza vijidudu, na vipokezi vyake, lakini nimeishia njiani. Naomba msaada.

Jibu: Mwalimu, pokea salamu, na umfikishie mwanafunzi wako pongezi zangu. Swali lake limewasumbua watafiti kwa karibu miaka 100. Mwaka 1932 daktari Carl Näslund wa Sweden aliandika kwamba watoto waliopewa BCG walikufa wachache kuliko wasiochanjwa, na tofauti hiyo ilionekana mapema mno maishani, kabla ya umri ambao kifua kikuu huanza kuua. Alihisi kuna kitu zaidi ya kifua kikuu, lakini hakuwa na vyombo vya kukitafuta.

Kitabu chako hakijasema uongo, kimekata kona tu. Kinga ya kujipatia ni kazi ya limfosaiti, aina ya seli nyeupe za damu, za B na za T. Mtoto akiugua surua, zile limfosaiti chache ambazo umbo la vipokezi vyake linashikana na kirusi cha surua huzaliana kwa wingi, na baadhi yake hubaki mwilini miaka mingi zikimsubiri adui yule yule. Huko ni kumkumbuka mtu kwa sura. Makrofaji haiwezi jambo hilo. Vipokezi vyake ni vile ambavyo mwenye mwili alirithi kwa wazazi wake, haitungi vipya, na haijui kama bakteria aliyefika leo alishawahi kuja mwaka jana.

Lakini kuna kukumbuka kwa namna nyingine, na sisi tuliozaliwa Mikindani, Newala au Nachingwea tuna neno lake tayari. Mwali anapowekwa ndani hafundishwi majina ya watu atakaokutana nao. Kungwi hawezi kumwonyesha mume ambaye bado hajulikani, wala mawifi, wala mgeni atakayepiga hodi miaka 10 baadaye. Anachofundwa ni namna ya kukaa na watu: hodi ikipigwa aitike vipi, ainuke upesi kiasi gani, nini kiwe tayari ndani. Akitolewa nje, mgeni yeyote atakayefika atakuta mtu tofauti na yule aliyeingia ngomani. Makrofaji nayo hufundwa. Mwaka 2011 Mihai Netea na wenzake wa Nijmegen, Uholanzi, waliipa hali hii jina la kitaalamu. Kwa Kiswahili mimi huiita kinga iliyofundwa, na sijaona neno linaloikaa vizuri zaidi.

Sasa tuje kwenye vipokezi, maana ndivyo vinavyoamua seli ifundwe nini. Kipokezi ni protini inayoshika kitu cha aina fulani na kupeleka habari ndani ya seli. Uchukulie kama mlango wenye hodi yake. Makrofaji ina milango mingi, lakini kwa darasa lako mitatu inatosha.

Upo TLR4, unaokaa kwenye utando wa nje. Huu hushika lipopolisakaraidi, yaani LPS, ile sukari yenye mafuta inayofunika bakteria kama wa homa ya matumbo. Ukiguswa, habari hupitia protini iitwayo MyD88 hadi NF-kB, nayo huingia kwenye kiini na kuwasha jeni za TNF na sitokini nyingine, yaani protini ambazo seli hutumia kuitana. Homa na uvimbe huanzia hapo. Familia hii ya vipokezi ina historia tamu: kazi yake ya kinga ilionekana kwanza kwa inzi wa matunda mwaka 1996 katika maabara ya Jules Hoffmann huko Ufaransa, kisha mwaka 1998 Bruce Beutler wa Marekani akaifuatilia kwa panya, na mwaka 2011 wote wawili wakapewa Nobeli. Inzi, mwambie mwanafunzi wako, hana limfosaiti hata moja.

Upo Dektini-1, nao wa nje, unaoshika beta-glukani, sukari ya ukuta wa hamira na fangasi. Na upo NOD2, ambao hauko mlangoni kabisa. Unakaa ndani ya saitoplazimu ukisubiri vipande vya ukuta wa bakteria ambao seli imekwisha kuwameza. BCG ni bakteria hai aliyedhoofishwa, ndugu wa yule wa kifua kikuu cha ng'ombe. Albert Calmette na Camille Guérin walimhamisha kutoka chombo hadi chombo mara 230 katika miaka 13, mpaka akapoteza ukali, na mtoto wa kwanza akapewa mwaka 1921. Makrofaji ikimmeza huyo, vipande vyake huangukia kwa NOD2.

Kiini cha jibu ni hiki: hodi ya mlango mmoja huifunda seli tofauti kabisa na hodi ya mlango mwingine. Nikueleze jaribio lenyewe, kwa sababu ukiliona kwa macho hulisahau.

Tunachukua damu ya mtu mzima mwenye afya, tunatenga monosaiti, ambazo ni seli changa zinazogeuka makrofaji zikitoka kwenye damu. Tunazimimina kwenye sahani ya plastiki yenye visima vidogo 96, nazo hujishika chini. Visima vya safu ya kwanza havipati kitu. Safu ya pili inapata beta-glukani, ya tatu inapata LPS nyingi. Baada ya saa 24 tunaosha kila kitu, tunaweka chakula kipya, tunaziacha zipumzike siku 5. Ukichungulia kwa hadubini katika siku hizo, zile zilizokuwa viduara zimetanuka, zimelala chini bapa, nyingine zimenyoosha mikono mirefu. Siku ya 6 visima vyote, bila ubaguzi, vinapewa LPS ile ile kwa kipimo kile kile. Kesho yake tunapima TNF iliyotoka. Kipimo chenyewe ni cha rangi: maji hugeuka buluu, ukidondosha asidi ya salfuriki yanakuwa njano, na njano ikikolea maana yake TNF ni nyingi.

Mara ya kwanza nilipofanya nilidhani nimechanganya visima, nikarudia. Safu ya kwanza ilikuwa njano ya kawaida. Safu ya pili ilikolea kama maji ya bizari. Safu ya tatu ilikuwa karibu maji matupu. Ni seli za mtu mmoja, damu ya asubuhi moja, na siku ya 6 zote zimebishiwa hodi moja. Zilizotangulia kufundwa kupitia Dektini-1 ziliitika kwa nguvu kuliko kawaida, ingawa beta-glukani na LPS havifanani kwa lolote. Zilizoshindiliwa kupitia TLR4 zilinyamaza. Kipimo nacho kina neno: LPS kidogo sana inaweza kuinoa seli kiasi, LPS nyingi huinyamazisha.

Sasa, kama tumeosha na hodi imekwisha siku 5 zilizopita, kilichobaki ndani ya seli ni nini?

Fikiria sanduku la bibi. DNA ya seli moja ikinyooshwa hufika kama mita 2, nayo imekunjwa kwenye kiini kwa kuviringwa juu ya protini ziitwazo histoni, kama kanga zilizokunjwa na kupangwa. Kanga iliyo chini kabisa ipo, ni mali yake, lakini ukiitwa msibani usiku hutaipata upesi. Jeni iliyokunjwa chini haisomeki upesi vilevile. Kipokezi kikiwashwa, vimeng'enya hubandika alama ndogo za kikemia kwenye histoni jirani na jeni za kinga. Alama mbili ndizo zinazotajwa sana: methili 3 kwenye nafasi ya 4 ya histoni H3, na asetili kwenye nafasi ya 27 ya histoni hiyo hiyo. Alama hizi hulegeza mkunjo. Hodi ikiisha nyingi hufutwa, lakini si zote, na kanga ile inabaki juu juu. Mpangilio wa herufi za DNA haujabadilika hata mmoja, kilichobadilika ni jinsi ya kuzifikia. Hii ndiyo epijenetiki.

Na alama zinatengenezwa kwa nini? Kwa mabaki ya jikoni ya seli yenyewe. Sehemu hii naipenda kuliko zote. Dektini-1 ikiwashwa, habari hupitia protini tatu za ndani, Akt, kisha mTOR, kisha HIF-1 alfa, njia iliyoelezwa mwaka 2014, na seli hubadili upishi wake. Inaanza kuchoma glukosi upesi upesi kwa glaikolisisi, hata oksijeni ikiwepo. Upishi huo unaacha asetili-CoA, ambayo ndiyo malighafi ya alama za asetili. Unaacha pia fumareti, nayo ikizidi hukizuia kimeng'enya kinachofuta alama za methili. Kwa hiyo chakula cha seli kinaandika, na mabaki yake yanamzuia mfutaji. Ukitaka ushahidi, weka metformini, dawa ile ile wanayopewa wagonjwa wa kisukari, kwenye sahani wakati wa kufunda. Huibana mTOR, na seli hazifundiki.

Turudi kwa BCG. Mwaka 2012 watafiti wa Nijmegen walionyesha kwamba watu wazima waliochanjwa BCG, miezi 3 baadaye, monosaiti zao zilitoa TNF na sitokini nyingine, IL-1 beta, nyingi zaidi zikikutanishwa na bakteria na fangasi wasiohusiana na kifua kikuu. Monosaiti za watu ambao NOD2 yao ina kasoro hazikufundika. Kisha wakachukua panya waliozaliwa bila limfosaiti, wakawapa BCG, wakawaambukiza fangasi wa kandida. Waliochanjwa walinusurika zaidi. Hilo la panya ndilo ningempa mwanafunzi wako kwanza. Panya hana B wala T, na bado amebadilika baada ya chanjo. Kumbukumbu hiyo haiwezi kuwa ya limfosaiti.

Akiwa makini, na naona yuko makini, atakubana tena: monosaiti hukaa kwenye damu siku chache tu, sasa miezi 3 inatoka wapi? Jibu liko kwenye uboho. Monosaiti zote huzaliwa huko, kutoka kwa seli shina. Mwaka 2018 tafiti za panya zilionyesha kwamba BCG na beta-glukani huzifunda seli shina zenyewe, zikaanza kuzaa seli nyingi za ukoo wa monosaiti, nazo zikizaliwa zimekwisha kunolewa. Mwaka 2020 mabadiliko ya namna hiyo yakaonekana kwenye uboho wa watu, siku 90 baada ya BCG. Aliyefundwa, basi, ni kungwi mwenyewe.

Je, haya yanamfikia mtoto wa dada yake? Guinea-Bissau, ambako Peter Aaby na wenzake wamekuwa wakifuatilia afya ya watoto tangu mwaka 1978, watoto waliozaliwa chini ya kilo 2.5 walipewa BCG mapema, wengine wakasubirishwa kama ilivyokuwa desturi. Majaribio 3 yakijumlishwa, vifo vya mwezi wa kwanza vilipungua kwa asilimia 38. Uganda, watoto waliochanjwa siku ya kuzaliwa waliugua maambukizi mengine mara chache kuliko waliosubiri wiki 6, na wale wa wiki 6 walipochanjwa tofauti ikatoweka. Lakini usiipambe habari hii. Denmark, BCG haikupunguza watoto kulazwa hospitalini. India, kwa watoto wenye uzito mdogo, haikupunguza vifo. Wahudumu wa afya waliochanjwa wakati wa UVIKO-19 katika jaribio kubwa la nchi kadhaa hawakukingika. Aina ya BCG ni tofauti kiwanda hadi kiwanda, na mtoto wa Bissau anakabiliwa na vijidudu ambavyo mtoto wa Copenhagen havimfikii. Muuguzi yule alisema kweli, ila ningeongeza neno "huenda".

Jambo moja la kituoni nataka nilikazie kwa sababu naliona kila ninaporudi nyumbani. BCG huja ikiwa unga kwenye kichupa cha dozi 20 za watoto wachanga. Ukishaichanganya na maji yake, baada ya saa 6 kinachobaki kinamwagwa. Kwa hiyo kwenye zahanati ndogo, akija mama mmoja na mchanga wake, mara nyingi anaambiwa arudi siku ambayo watoto watakuwa wengi, ili chanjo isipotee. Naielewa hesabu ya muuguzi, chanjo ni mali na akiba yake haitoshi. Lakini kama faida niliyoieleza ipo, basi ipo zaidi katika zile wiki za kwanza ambazo mama anapanda na kushuka mlima wa Makonde na mtoto mgongoni akiwa hajachanjwa. Ratiba yetu inasema mtoto apate anapozaliwa, na hapo ndipo ningepigania.

Upande wa pili wa habari ni ule wa safu ya tatu, zile seli zilizonyamaza. Ukimya huo nao ni kumbukumbu. Paul Beeson alionyesha miaka ya 1940 kwamba sungura wakichomwa sumu ya bakteria mara kwa mara, homa inazidi kupungua. Mwaka 2007 maabara ya Ruslan Medzhitov, Marekani, ikaonyesha kwamba makrofaji zilizopata LPS hazinyamazi kiholela: jeni za uvimbe unaoumiza mwili hufungwa, na nyingi za kuua vijidudu hubaki wazi. Ni busara ya mwili, kwa sababu moto wa TNF usiozimwa huua mwenye nyumba. Lakini mgonjwa aliyenusurika maambukizi makali ya damu anaweza kutoka na seli zilizonyamaza kupita kiasi, akaangushwa na kitu kidogo. La kutia moyo ni kwamba mwaka 2016, kwenye sahani, beta-glukani iliweza kuziamsha seli zilizokwisha kunyamazishwa na LPS.

Kwetu Mtwara mada hii haikwepi malaria, kwani mkoa wetu ni kati ya yenye malaria nyingi zaidi kwa watoto wa Tanzania Bara. Kimelea kikila himoglobini huacha chembe nyeusi iitwayo hemozoini, na makrofaji za wengu na ini huzimeza hadi ukiziona kwa hadubini zimejaa masizi. Maabara imeonyesha kwamba hemozoini na chembe nyekundu zenye vimelea zinaweza kuzinoa monosaiti ziitike kwa nguvu vipokezi vikiguswa tena. Wakati huo huo, mtoto aliyepata malaria mara nyingi anaweza kubeba vimelea bila homa, na mwenye malaria hushambuliwa kirahisi na salmonela zinazoingia kwenye damu. Kunolewa na kunyamazishwa vinaweza kukaa katika mwili mmoja.

Na kunolewa si heri siku zote. Mafuta ya damu yaliyooksidishwa huzifunda monosaiti vilevile, zikaingia kwenye kuta za mishipa zikiwa na hasira. Mwaka 2018 panya walilishwa kwa wiki 4 chakula chenye mafuta na sukari nyingi, kisha wakarudishiwa chakula chao. Uvimbe ulitulia, lakini seli za uboho zikabaki zimenolewa, na kipokezi kilichohusika kilikuwa NLRP3, mlango mwingine wa ndani. Hapa Tanzania, mkoani Kilimanjaro, vijana wa kiume 77 walishiriki utafiti uliotolewa mwaka 2025. Waliozoea chakula cha kijijini walipewa cha kizungu kwa wiki 2, waliozoea cha mjini wakapewa cha asili, na wengine wakanywa mbege, pombe ya ndizi. Alama za uvimbe zilipanda kwa waliohamia chakula cha kizungu, zikashuka kwa wengine, na baadhi ya mabadiliko yalionekana hata wiki 4 baadaye. Wanafunzi wako watauliza kuhusu uraka, pombe yetu ya mabibo. Utafiti ule haukupima uraka. Lakini ming'oko, mihogo na mboga za majani za kwetu ziko karibu zaidi na sahani ya kijiji kile kuliko chipsi mayai.

Ukitaka kuwapa kitu cha karibu zaidi na shamba, waambie habari ya tumbaku, zao ambalo majirani zetu wa Namtumbo wanalijua. Mwaka 1961 A. Frank Ross alionyesha kwamba mmea wa tumbaku ukiambukizwa kirusi kwenye majani ya chini, majani ya juu ambayo hayajaguswa yanakuwa sugu. Mmea hauna damu, hauna limfosaiti, na bado jana yake inaibadilisha leo yake.

Ubaoni, mwalimu, usifute ulichoandika. Ongeza maneno manne, isomeke: "haina kumbukumbu ya adui mmoja mmoja". Mtihani utamkubalia mwanafunzi wako, na sentensi itakuwa kweli. Naye mwambie hivi: seli za mpwa wake hazijayajua hayo maradhi mengine na wala hazijaribu kuyajua. BCG iligonga NOD2, uboho ukasikia, na makrofaji zinazozaliwa sasa zimeweka kanga juu ya sanduku. Na dada yake akijaliwa mwingine, aulize kabla ya kujifungua kituo chao hufungua kichupa cha BCG siku gani za wiki.